Daftari Alishike Nani?

Paukwa! Mkiitikia kwa sauti hafifu namna hiyo sitaendelea. Paukwa! Haya, hapo sawa. Sogeeni.

Nendeni nami Kibabii. Ukitoka mjini Bungoma kwa bodaboda ukashika barabara ya Chwele, hutakaa sana kabla hujaona kibao cha chuo kikuu, kile kilichopewa hati yake kamili mwaka wa 2015. Chuo cha walimu kipo, misheni ya Wakatoliki ipo, shule zimejaa. Katikati ya hizo shule ni mashamba ya miwa, mahindi na maharagwe, na siku isiyo na mawingu Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, unaonekana upande wa kaskazini umejinyoosha.

Katika darasa lolote la huko humkosi Nekesa aliyezaliwa wakati wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi, Naliaka wa palizi na Nafula wa mvua. Mimi leo ninaye Nafula. Ni wa kubuni, nawaambia mapema, msije mkaenda kumuulizia. Lakini chemchemi nitakayomweka kando yake mnaijua, kwa maana kila kijiji cha magharibi mwa Kenya kinayo ya kwake.

Nafula ana miaka 15. Tangu akiwa mdogo wa kushindwa kujitwika mtungi bila kusaidiwa, amekuwa akichota maji. Humwogesha mdogo wake, huinjika uji, hufagia boma kabla ya kengele ya shule. Kukiwa na matanga, yeye na wenzake ndio huosha sahani za waombolezaji mpaka vidole vinakunjamana. Sasa akitokea mgeni wa kutoka Nairobi akamwambia, "Binti, tunataka ujifunze kuitumikia jamii," mnadhani atajibu nini? Ana adabu zake, atasema asante. Moyoni atajiuliza: kwani muda wote huu nimekuwa nikimtumikia nani?

Swali hilo lina haki yake, na wengi wanaoanzisha miradi ya wasichana hulipita bila kulisikia. Wasichana wetu hawajapungukiwa na kutumika. Hutumika toka kuche mpaka kuchwe. Walichonyimwa ni kauli juu ya kazi hiyo: nani achote kwanza wakati wa kiangazi, njia ya kisimani ipite wapi, pesa za ukarabati zikae kwa nani. Kazi huwa ya wasichana, kikao cha kuijadili kikawa cha wazee. Mradi wa kujitolea unaoongeza kazi bila kugusa kikao haujamfundisha mtu uongozi. Umempa kibarua kingine kisicho na malipo.

Kwa hiyo turudi kwa Nafula, tuone ingekuwaje.

Tazameni kwanza chemchemi yenyewe ikiwa wazi. Maji yanatoka chini ya mawe kidogokidogo na kujikusanya katika dimbwi lisilofika kiuno cha mtoto. Majani yanaelea juu, viluwiluwi wanacheza pembeni, na ukingoni kuna alama za kwato. Anayechota huinama, akapangua takataka kwa kitako cha jagi, kisha akajaza mtungi wa lita 20, jagi baada ya jagi. Miguu yake imetoka katika njia ile ile waliyopita ng'ombe. Mvua ikinyesha usiku, maji yanayoporomoka kutoka bomani huishia humo humo pamoja na kila kilichokuwa njiani, na mnajua wenyewe kilichokuwa njiani.

Kuilinda si uchawi. Fundi hufukua mpaka kwenye jicho, pale maji yanapobubujikia, na matope yote yakaondolewa. Mbele hujengwa ukuta wa mawe na saruji wenye bomba moja au mawili. Nyuma ya ukuta hujazwa mawe na kokoto safi, juu yake ikatandazwa karatasi nzito ya plastiki, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha nyasi. Toka hapo maji hayaoni jua mpaka yatokee bombani. Chini huwekwa sakafu, ngazi na mfereji wa kuondoa yanayomwagika. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga mafuriko na kuwekwa ua wa kuzuia mifugo. Hakuna pampu wala stima, na hakuna bili ya mwisho wa mwezi.

Je, inasaidia? Jirani zetu wa Busia wanalo jibu. Watafiti walifuatilia chemchemi zipatazo 200 huko na maeneo ya karibu, nyingine zikajengewa mapema na nyingine baadaye ili zilinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011: uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zilizojengewa ulipungua kwa karibu theluthi mbili, na kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kwa karibu robo. Mmoja wa watafiti hao, Mmarekani Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule ya upili Kakamega akiwa kijana, ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka wa 2019 pamoja na wenzake wawili. Lakini utafiti ule ulionyesha na jambo la kukera. Maji yalitoka bombani yakiwa safi, yakafika mezani yakiwa yamechafuka tena. Mtungi haukuoshwa, nyungu haikufunikwa, mkono ulitumbukizwa pamoja na kikombe. Kumbukeni hilo, maana litamletea Nafula kazi ngumu kuliko ya kuchimba.

Sasa, wasichana kumi wa shule moja wanakutana chini ya mwembe na kuamua: tutaijenga chemchemi yetu. Mwalimu mlezi yuko, lakini amekaa nyuma. Jambo la kwanza wanalogundua ni kwamba chemchemi ina mwenyewe. Iko kwenye kipande cha mzee mmoja, na bila ridhaa yake hata jembe haliingii.

Wanakwenda watatu. Mzee amekaa kivulini anapukuchua mahindi.

"Mulembe, kuka," anasema Nafula. Huko babu huitwa kuka.

"Mulembe. Nyinyi ni wa nani?"

Wanajitaja, kila mmoja kwa jina la baba na la kijiji. Mzee anawasikiliza bila kuacha kupukuchua.

"Na baba zenu wako wapi, mpaka mje nyinyi?"

"Wako, kuka. Lakini wanaochota ni sisi."

Mzee anacheka, na kicheko kile si cha kukubali bado. Ana hofu zake, nazo si za kipuuzi. Watu watakanyaga nyasi zake za kulishia ng'ombe. Mtu atajenga ukuta leo, na kesho aje mwingine kudai kipande kile ni cha umma. Msichana aliyezoea kunyamaza mbele ya wazee angeaga hapo. Msichana aliyezoea kubishana angeharibu. Nafula anauliza swali moja: njia ikipita mpakani badala ya katikati, na maji yanayomwagika yakielekezwa kwenye nduma zako kule chini, je? Mzee anaacha kupukuchua. Wanakubaliana warudi Jumamosi na mzee wa kijiji ili yaandikwe, upana wa njia utajwe, na iandikwe wazi kuwa ardhi inabaki yake.

Hapo, watoto wangu, hakuna hotuba iliyotolewa. Hakuna aliyevaa fulana yenye maandishi. Lakini mkiniuliza uongozi wa Nafula ulizaliwa siku gani, nitawaonyesha pale penye magunzi.

La pili ni pesa. Wamechangisha: wazazi kidogo kidogo, kanisa, mwenye duka, na msichana mmoja mbunifu akauza sukumawiki za bustani ya shule. Nani ashike daftari? Watu wazima wana jibu tayari kila mara: mwalimu ashike, au kaka ya fulani aliye chuoni, "nyinyi bado wadogo." Mimi nasema daftari alishike msichana, na asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti asishike pesa, mweka hazina asiidhinishe matumizi, na karani aandike yote mawili. Watu wanaojua vyama vya akina mama vya kuweka akiba wanalijua hili kwa moyo, na kila chama kilichovunjika kwa matusi kilivunjika hasa hapo.

Naliaka, mmoja wa wale kumi, ndiye mweka hazina. Jioni moja anahesabu mifuko ya saruji stoo, anapata sita. Risiti ya hadiwea inasema saba. Anahesabu tena. Baadaye anajua kwamba mwanamume mmoja wa kijijini, mtu mwema anayewasaidia kubeba mawe, "aliazima" mmoja akarekebisha sakafu ya nyumba yake. Mnafanya nini hapo? Mkinyamaza, kesho ataazima wawili. Mkipaza sauti kwenye baraza, mmemvunjia heshima mtu wa rika la baba zenu, na kijiji kizima kitasahau mfuko wa saruji na kukumbuka utovu wa adabu.

Wasichana wanakaa na jambo hilo siku kadhaa, na wanakaribia kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mwisho wanakwenda wawili nyumbani kwake, jioni, wakiwa na daftari. Hawamwiti mwizi. Naliaka anafungua ukurasa na kusema, "Baba, tunaomba utusaidie kuandika mfuko huu utarudi lini, maana Jumapili tunasoma hesabu kanisani." Mfuko ulirudi kabla ya Jumapili. Sijui darasa lolote linaloweza kufundisha sentensi ile. Ina heshima ndani yake na ina meno.

Mbinu ya kuwaachia vijana wenyewe usukani haikuanzia Bungoma. Mwaka wa 1909, jijini London, maskauti wa kiume walikusanyika katika jengo la Crystal Palace kukaguliwa na mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell. Katikati yao wakatokea wasichana, wamevaa kofia za skauti, hawakualikwa na mtu. Walisema wao pia ni maskauti. Mwaka uliofuata chama chao wenyewe kikaanzishwa, kikiongozwa na Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka wa 1920 kikafika Kenya, na ndicho hiki mnachokiona mashuleni mpaka leo, cha Girl Guides. Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri tangu 1941. Nguvu ya vyama hivi haimo kwenye skafu wala saluti. Imo katika mpango mmoja mdogo: wasichana hugawanywa katika vikundi vya watu wachache, na kila kikundi kina kiongozi ambaye ni msichana mwenzao. Yeye ndiye huulizwa hema limesimamaje na chakula kimetosha au la.

Kuna na Tuzo ya Rais, iliyoingia nchini mwaka wa 1966. Chimbuko lake ni tuzo ya Mwanamfalme Philip wa Uingereza, iliyoanza mwaka wa 1956 kwa wavulana peke yao. Wasichana walingoja mpaka 1958. (Mnaona mchezo huu? Mlango hufunguliwa kwa kaka kwanza, halafu mtu anakumbuka kwamba nyumba ina dada.) Tuzo hii ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, na ina ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kijana hutakiwa kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi, kufanya mazoezi ya mwili na kwenda safari ya porini na wenzake. Ninachokipenda ni kalenda yake. Huduma haihesabiwi kwa siku moja ya kupigwa picha na fagio. Ngazi ya dhahabu inataka mwaka mzima wa kurudi pale pale wiki baada ya wiki. Mwezi wa kwanza kila mtu ana bidii. Ukifika mwezi wa tano ndipo unapojua nani ni nani.

Na sasa serikali nayo imeingia. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, somo la huduma kwa jamii lilikuwa miongoni mwa masomo ya lazima, limekaa bega kwa bega na Kiingereza, Kiswahili na hisabati. Mimi ninalifurahia, lakini kwa shingo upande. Likifundishwa vizuri, kila msichana wa Kibabii atapata chemchemi yake. Likifundishwa vibaya, wasichana watafagia soko la Chwele Ijumaa, wavulana watasimama na fomu za kuweka alama ya vyema, na mwalimu ataandika kwamba lengo limefikiwa.

Turudi kwenye chemchemi, maana haijaisha. Upande wa juu wa jicho kuna mikaratusi, na mkaratusi ni mlevi wa maji. Wasichana wanataka kupanda miti ya kienyeji badala yake, kama lusiola, ambao mbao zake wazee wanazijua, na shina lake likikatwa huchipua tena. Basi siku moja wanapanda matatu kupitia Kimilili, Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale. Kitale ni mji wa mbegu: Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzia huko mwaka wa 1956, na hata wale Waswidi wa Vi Agroforestry walianza kazi yao ya miti upande huo wa nchi mwaka wa 1983. Wasichana wanakwenda kuona kitalu kinavyotunzwa: mbegu hulowekwa vipi, kivuli kinatengenezwaje, mche hutolewa lini kwenye karatasi yake.

Miti hii ina mama yake, na mnamjua. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 kwa miche saba tu iliyopandwa Nairobi. Wanawake wa vijijini walipoanza vitalu, wataalamu wa misitu walishangaa kwamba watu wasio na vyeti wangeweza kazi ile. Lakini shirika lilikuwa na kanuni yenye akili: mwanamke alipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Uliopandwa tu mbele ya wageni ukafa wiki ya pili haukumlipa mtu. Kutoka kwenye vitalu vile wanawake wakajifunza kuhesabu, kuitisha mikutano, na hatimaye kuuliza nani ameuza msitu wa umma. Walipigwa kwa kuuliza. Mwaka wa 2004 Wangari akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Hapa kuna mtu atauliza: kwani Nafula anaelekea wapi na daftari lake? Kisumu, safari fupi tu kutoka Bungoma, ilipata meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Baadaye Katiba ya 2010 ikasema kwamba chombo cha umma kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na ikaziwekea kaunti 47 kiti kimoja kimoja cha mwakilishi wa wanawake. Mwaka wa 2022 magavana saba wanawake walichaguliwa nchini. Mwaka huo huo Bungoma ilimpata Janepher Mbatiany na Trans Nzoia ikampata Philomena Kapkory. Mabinti wa kaunti zote mbili waliwaona wanawake wakiapishwa, wote wawili wakiwa manaibu gavana. Kiti cha juu kilikaliwa na mwanamume huku na huku. Nawaachia mlitafune hilo wenyewe.

Ile kazi ngumu niliyowaahidi ndiyo hii. Ukuta umekamilika, maji yanatiririka, na sasa inabidi majumbani mitungi ioshwe na nyungu zifunikwe. Msichana wa miaka 15 atamwambiaje mama wa watu kwamba nyungu yake ni chafu? Hawezi, na asijaribu. Nafula na wenzake walianza kwao. Kila mmoja alishona kifuniko, akatafuta kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji, akaweka na sabuni karibu. Jirani akija kuomba maji ya kunywa, anaona. Hasemeshwi neno. Baada ya muda anauliza kata ile inauzwa wapi.

Wavulana nao walitaka kuingia kwenye kamati, na wasichana wakabishana jioni nzima. Wengine walisema hapana, wakiingia tu watataka uenyekiti. Walikubaliana waingie, wawe wajumbe na wabeba mawe, na kwamba miaka miwili ya kwanza vyeo vitatu vikuu vibaki kwa wanaochota. Mvulana mmoja aliuliza kama na yeye akianza kuchota atahesabiwa. Wakamwambia aje asubuhi na mtungi. Akaja.

Kama chemchemi ya kwenu iko wazi, anzeni kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yenu; kazi yake ni pamoja na hiyo, na kuulizwa hakumgharimu kitu. Mwulizeni maji yanapimwaje na nani amejengewa karibu, mwende mkaone kwa macho. Mjue ardhi ni ya nani kabla hamjachangisha hata shilingi. Nunueni daftari la jalada gumu, lile la jalada laini huchanika. Na mkienda kwa mzee mwenye shamba msiende wote. Nendeni watatu, na safari hii anayeongea asiwe yule anayeongeaga kila siku.